Mtaa jirani na chuo kikuu: kibali cha wakazi, kikomo cha saa, saa ya zuio au maegesho ya kulipia?

Muhula ukifunguliwa, mtaa uliokuwa mtulivu hujaa magari kabla ya saa 3:00 asubuhi. Lango limezibwa, gari la taka limeshindwa kupinda kona, na muuguzi anayekuja kumhudumia mgonjwa nyumbani anazunguka akitafuta pa kuegesha. Wakazi wakikutana, pendekezo la kwanza karibu kila mara ni vibali. Huenda vibali vikafaa. Huenda pia wakazi wakavilipia kila mwaka wasione hata nafasi moja ikifunguka, kwa kuwa kila njia ya kudhibiti maegesho inamzuia mtu wa aina fulani na kumwacha mwingine apite. Kazi ya kwanza ni kujua nani hasa anaujaza mtaa wenu.

Hapa tunalinganisha njia nne: kibali cha wakazi, kikomo cha muda, zuio la saa moja katikati ya siku, na maegesho ya kulipia. Kila moja tunaipima kwa maswali manne. Inamzuia nani? Mkazi na wageni wake wanaishije nayo? Ukaguzi wake unahitaji nini? Na inaharibika wapi?

Hesabu kwanza

Msichague kabla ya kuhesabu. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi ya katikati ya muhula. Wiki ya kwanza, wiki ya mitihani na Ijumaa hazifai, kwa sababu ratiba ya chuo haiko kawaida. Pimeni urefu wa ukingo wa barabara, toeni milango ya magari, kona na bomba la zimamoto, kisha gawanyeni kinachobaki kwa mita 6, ambazo ndizo gari moja huhitaji likiegeshwa sambamba na ukingo.

Tuseme ukingo una mita 300. Milango 14 ya mita 4 inachukua mita 56, kona mbili za mita 10 zinachukua 20, bomba la zimamoto linachukua 8. Zinabaki mita 216, yaani nafasi 36.

Sasa hesabuni magari mara nne: saa 11:00 alfajiri, saa 4:00 asubuhi, saa 8:00 mchana na saa 1:00 jioni. Hesabu ya alfajiri watu huiruka kwa sababu ya usingizi, nayo ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha magari ya wakazi peke yao. Kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 10:00 jioni, andikeni tarakimu tatu za mwisho za namba ya kila gari kila baada ya saa moja. Daftari na penseli vinatosha. Namba zisiandikwe kamili wala kubandikwa ukutani. Mnachotafuta ni muda gari linaokaa, si mwenye gari.

Kipimo cha kulinganisha nacho ni asilimia 85. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alieneza wazo kwamba ukingo unafanya kazi vizuri pale nafasi moja hivi kati ya saba inapokuwa wazi: mtu anapata pa kuegesha bila kuzunguka, na mtaa haukai mtupu. Kwa nafasi 36, hayo ni magari 31.

Matokeo yasomeni hivi. Alfajiri magari 20 na saa 4:00 asubuhi magari 36: mnajazwa na wanaokuja mchana. Namba zilezile kuanzia saa 3:00 hadi saa 9:00: ni watu wa kutwa. Namba zinabadilika kila saa: ni wa kipindi kimoja, au wanaokwenda maktaba na kurudi. Alfajiri tayari magari 34: magari ni yenu wenyewe, na hakuna kibao cha mchana kitakachowasaidia.

Pimeni pia upana wa barabara kabla ya jambo lingine lolote. Barabara ya mita 7 yenye magari pande zote mbili, kila upande ukichukua mita 2, inabaki na mita 3 za kupita. Mwongozo wa Uingereza unataka mita 3.7 kwa gari la zimamoto, na kanuni za zimamoto zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka takribani mita 6.1. Barabara nyembamba namna hiyo ifungwe upande mmoja kwanza, wakazi kwa wageni, kisha mjadala wa vibali uanze.

Kibali cha wakazi

*Inamzuia nani.* Kila asiye na anwani ndani ya eneo, kwa saa zote zilizoandikwa kwenye kibao. Kwa mwanafunzi na mfanyakazi wa chuo wanaotoka mbali, hii ndiyo njia kali kuliko zote nne.

Mwanafunzi aliyepanga nyumba mtaani haimgusi. Yeye ni mkazi. Nyumba ya vyumba vinne iliyopangishwa wanafunzi wanne inaweza kuleta magari manne, na yote yana haki ya kibali. Mitaa mingi ya karibu na vyuo inakwama hapo: wageni wanafukuzwa, hesabu inashuka kwa mwezi mmoja, kisha inapanda tena kwa magari yenye vibali halali. Kibali ni ruhusa ya kutafuta nafasi, si nafasi yenyewe. Mamlaka ikitoa vibali 60 kwa nafasi 36, imeuza matumaini.

Dawa ni kuweka ukomo kwa anwani badala ya kwa mtu, na kupandisha ada hatua kwa hatua: kibali cha kwanza cha nyumba kwa bei ya chini, cha pili kwa mara mbili, cha tatu kwa mara nne au kisiwepo. Ushahidi wa makazi uwe mkataba wa pango au bili yenye anwani. Tarehe ya mwisho ya kibali ifuate mkataba wa pango. Mpangaji akihama na stika ina miezi sita mbele, stika hiyo itauzwa.

*Mkazi na wageni.* Mkazi anapata utulivu, anagharimika ada na usumbufu wa kuhuisha kibali. Mgeni ndiye mtihani: fundi bomba, ndugu waliokuja msibani, mlezi wa mtoto. Kadi ya mgeni ya kutundika kwenye kioo, isiyo na tarehe wala namba ya gari, hugeuka bidhaa mara moja. Mwanafunzi atainunua kwa furaha, maana ni nafuu kuliko maegesho ya chuo. Kadi za siku moja zenye kukwangua tarehe ni bora. Bora zaidi ni mfumo wa simu au kompyuta ambapo mkazi anaandika namba ya gari la mgeni na kukatwa saa kutoka mgao wake wa mwaka. Wazee wasiotumia simu janja waachiwe njia ya kupiga simu au kadi za karatasi. Wahudumu wa afya wapewe kibali chao kisichofungwa kwa anwani moja.

*Ukaguzi.* Rahisi kuliko wa kikomo cha muda. Mkaguzi anapita mara moja, na gari lisilo na kibali lina kosa papo hapo. Vibali vikifungwa kwa namba ya gari badala ya stika, gari la ukaguzi lenye kamera linasoma mtaa mzima kwa dakika chache.

*Inapoharibika.* Mtaa unaweza kulala mtupu mchana. Ikiwa wakazi wengi huondoka na magari yao saa 2:00 asubuhi, nafasi 20 zinakaa bure hadi jioni huku watu wakizunguka mitaa ya pili. Boulder, mji wa jimbo la Colorado nchini Marekani, huuza pia idadi ndogo ya vibali kwa watu wasio wakazi wanaokuja kazini au masomoni, na hiyo ni njia ya haki ya kutumia nafasi hizo.

Jambo la kisheria nalo lina uzito. Huko Arlington, Virginia, amri iliyowazuia wasio wakazi kuegesha mitaani saa za kazi ilipingwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1977 iliikubali kwa sababu malengo yake, kama kupunguza kelele, hewa chafu na hatari za barabarani, yalikuwa halali. Ombi lenu kwa mamlaka liandikeni kwa mtindo huo. "Magari 14 yanaziba kona kila saa 4:00" lina nguvu. "Hatutaki wanafunzi" litawafunga, na si haki pia kwa wanafunzi ambao ni majirani zenu.

Kikomo cha muda

*Inamzuia nani.* Anayekaa kutwa. Lakini chaguo la saa ndilo linaloamua kila kitu. Kikomo cha saa 2 kinampa mwanafunzi nafasi ya kutembea, kuhudhuria kipindi cha dakika 50 na kurudi bila kosa. Cha saa 1 kinamshinda. Cha saa 3 au 4 mtaani hapa hakizuii karibu yeyote, kwani ratiba nyingi za chuo zinatoshea ndani yake.

*Mkazi na wageni.* Fundi wa saa moja hana shida, na mgeni wa chai hahitaji karatasi yoyote. Anayeumia ni mkazi asiye na uwanja wa kuegesha ndani, hasa mfanyakazi wa zamu ya usiku anayelala mchana. Ndiyo maana kikomo mara nyingi huenda pamoja na msamaha kwa wenye kibali: wengine wote saa 2, mkazi bila kikomo.

*Ukaguzi.* Hapa ndipo njia hii inapokuwa ghali. Mkaguzi lazima apite mara mbili, na tofauti ya mizunguko iwe zaidi kidogo ya kikomo chenyewe. Mtaa wenye kikomo cha saa 2 unaopitiwa asubuhi na jioni tu hauna kikomo, una vibao. Alama ya chaki kwenye tairi, mbinu ya miaka mingi, hufutwa kwa kitambaa; na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani, katika kesi iliyotoka Saginaw, Michigan, iliamua kuwa kuchora chaki kwenye tairi ni upekuzi chini ya Katiba. Siku hizi wakaguzi hupiga picha ya namba ya gari, na nyingine ya mkao wa tundu la kujazia upepo kuthibitisha kwamba gurudumu halijazunguka.

Ujerumani na Ufaransa zina njia nyepesi: dereva anaweka dirishani saa ya kadibodi inayoonyesha alipofika, na mkaguzi anahitaji kupita mara moja. Udhaifu wake ni dereva anayerudi kusogeza mshale.

*Inapoharibika.* Watu husogeza gari mita tano na kuanza saa upya. Kibao kiseme wazi kwamba gari haliruhusiwi kurudi kwenye mtaa huo ndani ya muda fulani, tuseme saa 4. Sentensi hiyo ikikosekana, mapumziko ya kila kipindi yatakuwa msafara wa magari yanayobadilishana nafasi, na mtaa utakuwa na msongamano kuliko mwanzo.

Zuio la saa moja katikati ya siku

Jijini London njia hii ni ya kawaida kwenye mitaa iliyo karibu na vituo vya treni: hakuna kuegesha, tuseme, kuanzia saa 4:00 hadi saa 5:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa nyingine zote ni huru. Karibu na vyuo haizungumzwi inavyostahili.

*Inamzuia nani.* Anayefika asubuhi na kuondoka jioni, kwa kuwa hawezi kuikwepa saa hiyo bila kutoka darasani. Anayekuja saa 6:00 mchana halimgusi. Ndiyo maana ile orodha ya tarakimu tatu ina kazi: magari yenu yakiwa ya kutwa, saa moja inatosha, yakiwa ya mchana, ongezeni saa ya pili, labda saa 8:00 hadi saa 9:00.

*Mkazi na wageni.* Kwa saa 23 mgeni hahitaji chochote. Mkazi mwenye gari nyumbani mchana apewe kibali cha msamaha, vinginevyo yeye ndiye atakayepigwa faini akiwa kitandani na homa. Tofauti na mfumo kamili wa vibali, hapa anayehitaji karatasi ni yule tu ambaye gari lake linabaki barabarani saa ile.

*Ukaguzi.* Mzunguko mmoja, saa moja, mtu mmoja. Mamlaka yenye wakaguzi wachache inaweza kupanga mtaa wa kwanza saa 4:00, wa pili saa 5:00, na mkaguzi yuleyule akamaliza yote miwili. Tatizo ni kwamba mitaa miwili iliyo jirani yenye saa tofauti inamfundisha dereva kuhama kutoka huu kwenda ule. Pangeni saa tofauti kwa mitaa isiyogusana.

*Inapoharibika.* Vipindi vya jioni, maktaba usiku na mechi za Jumamosi haviguswi kabisa.

Maegesho ya kulipia

*Inamzuia nani.* Haimkatazi mtu, inampunguza anayeweza kutembea, kupanda basi au kuja wawili kwa gari moja. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine ya kulipia iliyo ukingoni mwa barabara, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935 kwa kusudi hilohilo: magari ya kutwa yaondoke, wateja wapate nafasi. Bei ndiyo mtambo wote. Bei moja ya siku nzima inamkaribisha mtu wa kutwa, kwani kila saa ya ziada ni bure kwake. Bei kwa saa, inayopanda baada ya saa ya pili, inamwondoa. Pimeni tena kila muhula: ukingo ukiwa zaidi ya asilimia 85, bei ipande kidogo, ukiwa chini ya asilimia 60, ishuke.

*Mkazi na wageni.* Wakazi wenye kibali huachwa nje ya malipo. Mgeni analipa, na hilo linauma kwa familia inayotembelewa kila wiki, kwa hiyo mgao wa saa za bure kwa kila nyumba ni wa lazima. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo anaumia kuliko mwenzake mwenye uwezo. Asiyelikubali hilo hajaitazama njia hii kwa uaminifu.

*Ukaguzi.* Mzunguko mmoja unatosha, na mapato hugharamia wakaguzi. Malipo kwa simu yanapunguza mashine, lakini iwepo angalau mashine moja kwa asiye na simu au chaji.

*Inapoharibika.* Pesa zikipotelea kwenye mfuko mkuu wa mji, wakazi wataona mtaa wao umegeuzwa kitega uchumi na wataukataa mpango. Austin, Texas, mtaa wa West Campus ulio kando ya Chuo Kikuu cha Texas umewekewa mpango ambamo sehemu ya mapato ya mita hurudi mtaani kuboresha njia za miguu. Mgawanyo wa namna hiyo uandikwe kwenye azimio kabla ya mita ya kwanza kusimikwa.

Yanayozigusa zote nne

Gari lililozuiwa halipotei, linahamia mtaa wa pili. Mtu yuko tayari kutembea dakika 5 hadi 10 kufika darasani, yaani mita 400 hadi 800. Choreni mpaka wa eneo kwa umbali wa kutembea kutoka lango la chuo, si kwa kufuata mitaa iliyolalamika, na mitaa ya pembezoni ipewe haki ya kujiunga bila kuanza upya mlolongo mzima. Hesabuni huko pia, kabla na miezi mitatu baada ya kuanza.

Saa za kibao zifuate ratiba ya chuo. Zuio la miezi 12 mtaani ambako magari hutoweka likizo ni adhabu kwa wakazi na wageni wao. Ila zuio la "wakati wa muhula" lazima liwe na tarehe kwenye kibao. Dereva mgeni hajui muhula unaisha lini, na rufaa yake atashinda.

Kibao kiwe kila baada ya mita 50 hivi, kisifunikwe na matawi. Wiki mbili za kwanza toeni onyo la karatasi badala ya faini. Na faini yenyewe ilinganisheni na maegesho ya chuo: mkosaji akikamatwa mara moja kwa siku kumi, faini iliyo chini ya gharama ya siku kumi za maegesho ya chuo ni bei nafuu, na wanafunzi hupiga hesabu hiyo vizuri. Mkiwa mnaongea na chuo, ulizeni kama maegesho yao ya nje yana nafasi tupu. Mara nyingi yanazo, na kupunguza bei ya huko kunawapunguzia mzigo kuliko vibao kumi.

Ipi kwa hali ipi

Alfajiri kuna nafasi tele, mchana magari ya kutwa yanajaa, na mamlaka ina mkaguzi mmoja: zuio la saa moja, pamoja na msamaha kwa wakazi.

Mtaa hauna uwanja wa magari ndani ya nyumba, na msongamano ni kuanzia asubuhi hadi usiku: kibali cha wakazi, chenye ukomo kwa anwani na mgao wa wageni kwa namba ya gari.

Kuna kliniki, duka au ofisi zinazohitaji watu waje na kuondoka: kikomo cha saa 1 au 2, ikiwa tu mna uhakika wa mizunguko miwili ya ukaguzi. Bila uhakika huo, chagueni kingine.

Mtaa uko mlangoni kabisa mwa chuo, mahitaji hayaishi hata jioni, na azimio la kurudisha mapato limeshapitishwa: malipo kwa saa, wakazi wakiwa na vibali.

Alfajiri tayari mmevuka asilimia 85: anzeni na ukomo wa vibali kwa kila nyumba na ada inayopanda, na mzungumze na wenye nyumba za kupangisha kuhusu idadi ya magari kwenye mikataba yao. Wageni wa mchana waje baadaye kwenye orodha.

Hesabu zikigawanyika, mchana wageni na usiku wapangaji, wekeni zuio la saa moja mchana na ukomo wa vibali kwa anwani usiku, kwa majaribio ya muhula mmoja, kisha rudini na daftari lilelile, siku ileile ya wiki, saa zilezile.